Msiba wa Mzee Severus

Kwa huzuni nyingi, lakini kwa kuyakubali mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Ndivyo nilivyoanza, kwa sababu ndivyo matangazo yote ya vifo yanavyoanza katika kundi la WhatsApp la Wakenya wa Woolwich, hapa London.

Mama yangu ndiye katibu wa kundi hilo. Ni muuguzi, anafanya kazi usiku na kulala mchana, na alipogundua kwamba nilitoka shule ya bweni na alama za juu kabisa katika insha, kazi ya kuandika matangazo alinikabidhi mimi pamoja na simu yake. "Andika vizuri, Dinah," huniambia akiwa anavuta blanketi. "Watu wasome walie."

Niliandika vizuri:

"Tunatangaza kifo cha Mzee Septimius Severus, kilichotokea mjini York tarehe 4 Februari, baada ya kuugua jongo kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa mwana wa hayati Publius na hayati Fulvia, mume wa Julia, na baba wa vijana wawili, Antoninus na Geta. Alikuwa mzaliwa wa pwani, akafika Uingereza kikazi, na baridi ya huku haikumpenda. Ameacha majengo mengi."

Naomba iingie katika kumbukumbu kwamba hapo hakuna neno hata moja la uongo. Severus alikuwa mfalme wa Roma. Alizaliwa Leptis, mji wa bandari katika pwani ya Libya, kwenye Bahari ya Mediterania, na York alifia kweli, tarehe nne Februari kweli, miguu ikimuuma hata vitani akawa anabebwa kwenye machela. Mwalimu wetu wa historia, Bi Ushma, alikuwa ametupeleka Tower Hill tukauone ukuta wa kale wa London, ambao unaaminika kujengwa enzi zake. Watu wanaupita wakiwa na vikombe vyao vya kahawa kama wanaopita choo cha umma. Mtu wa Afrika amewazungushia ukuta na hakuna anayempa hata jicho. Niliona ni haki yake angalau apewe pole.

Nilichoacha ni mwaka tu. Alikufa mwaka wa mia mbili na kumi na moja, na nikaona unajaza nafasi bure.

Nilitegemea jina lenyewe limshtue mtu. Nilisahau kwamba kundi letu lina Polycarp wawili, Pius watatu, Boniface wasiohesabika, na baba mmoja wa Kakamega aitwaye Tiberius ambaye anauza matairi. Septimius Severus aliingia akakaa kama mwenyeji.

"Poleni sana kwa familia," aliandika wa kwanza.

"Mungu ailaze roho yake mahali pema," wa pili.

"Huyu si yule Severus aliyekuwa Leeds?" wa tatu.

"Ndiye," akajibu wa nne, ambaye sijui alijuaje.

Kisha akaja Auntie Jedidah, mkuu wa mapishi ya misiba yote kusini mwa mto Thames: "Kamati ikutane kwa katibu leo saa kumi na moja jioni. Nakuja na chapati."

Kwa asiyetujua, nieleze. Mkenya akifariki Uingereza, jambo la kwanza si kuuliza alikuwa nani. Jambo la kwanza ni kamati. Kamati ikishaundwa, kuna mwenyekiti, kuna chai, kuna maombi, kuna mtu wa basi, na mwili lazima urudi nyumbani. Marehemu mwenyewe atajulikana mbele ya safari.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka, maana mimi nilikuwa na kesi. Mwezi uliotangulia kulitokea tangazo kwenye lifti ya jengo letu, lililoandikwa kwa lugha ya heshima sana, likisema kwamba kuanzia sasa lifti itapumzika siku ya Sabato. Majirani walipanda ngazi Jumamosi mbili kabla mtu hajajaribu kubonyeza kitufe. Mama alinikalisha kwenye kiti cha jikoni akatoa hukumu: "Mzaha mmoja mwingine, Dinah. Mmoja tu. Muhula ujao utaanzia kwa Sista Gladness."

Sista Gladness ndiye mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, huko milimani kwenye ukungu, nilikokaa miaka minne Mama akiwa huku anatafuta maisha. Sina ubaya na Sista. Alinifundisha kutandika kitanda hadi shilingi inadunda juu yake. Ubaya ninao na kuwa na mama wa kwenye kioo cha simu ya shangazi, likizo hadi likizo, sura yake ikiganda kila anapotaka kusema jambo la maana. Sasa ninaye mama wa kweli, anayekoroma, anayenificha biskuti. Sikuwa tayari kumrudisha kwenye kioo.

Ningelifuta lile tangazo, lakini lilikuwa limeshasambazwa hadi mji wa Reading.

Mama aliamka akaiona simu inatetemeka mezani kama ina homa.

"Nani amekufa?"

"Mzee Severus wa York, Mama."

"Habari umezitoa wapi?"

"Mwalimu wetu wa historia ndiye aliyetuambia."

"Alikuwa anamjua?"

"Vizuri sana. Habari zake zote anazo."

"Maskini, mpe pole zake," akasema Mama, akaenda kutafuta sufuria kubwa ya chai.

Jioni walijaa. Viti vilikwisha, watu wakakalia mkono wa kochi na kizingiti cha dirisha. Mwenyekiti wetu, Mzee Tom, alivaa suti yake nyeusi ambayo nadhani huwa inajitoa kabatini yenyewe ikisikia neno kamati. Auntie Jedidah alikuja na chapati zilizofunikwa kwa karatasi ya fedha. Na Bwana Jaswant alitoka Southall kote huko, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, mwenye basi ambalo hubeba harusi zetu, misiba yetu, na kati ya hivyo timu za hoki.

"Mama Dinah, pole," alisema Jaswant akivua viatu. "York ni mbali, lakini basi iko tayari. Kesho asubuhi tunatoka. Marehemu alikuwa mtu wa wapi hasa?"

Mama alinitazama. Mimi ndiye mwenye habari.

"Wa pwani," nikasema.

"Pwani gani? Kilifi?"

"Kaskazini zaidi."

"Lamu," wakakubaliana wote.

Mwenyekiti alisimama. Akashika kifua, mahali pa kalamu.

"Ndugu zangu, mimi Severus nilimjua." Akatuzungushia macho. "Nilimjua binafsi. Mara ya mwisho tulikutana kwenye harusi Birmingham. Akanishika mkono, hivi, akaniambia, Tom, hawa watu wetu usiwaache. Mtu mpole! Mtu ambaye hawezi kuumiza nzi!"

Nilikumbuka maseneta wote ambao yule mpole aliwaua siku za mwanzo za utawala wake, nikainama nikafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Umeona mtoto anavyolia," alinong'ona mtu.

Auntie Jedidah alipangusa macho, kisha akaingia kwenye kazi. "Haya. Mwili uko hospitali gani?"

Sikuulizwa mimi, lakini wote walinigeukia. Ningeweza kusema sijui. Ila nilikuwa nimejiapia kutosema uongo, na kiapo hicho ndicho wakili wangu wa pekee.

"Mwili haupo, Auntie. Walimchoma."

"Walimfanya nini?"

"Walimchoma. Majivu yakawekwa kwenye chombo, mke na watoto wakaondoka nayo kwenda Roma."

"Roma ya Italia?" Auntie Jedidah aliketi juu ya mapaja ya mtu. "Mzee wa watu wamchome kama takataka? Huyo mke ni wa wapi?"

"Siria."

"Nilijua!" akasema Auntie, ambaye hakuwa amejua chochote.

"Na wale vijana wake wakakubali?" Mwenyekiti aliuliza.

"Vijana hawaelewani. Baba yao alipokuwa anakata roho aliwaambia wapatane. Lakini mkubwa alikuja akamuua mdogo."

"Yesu wangu!"

"Mikononi mwa mama yao."

"Polisi walifika?" Jaswant aliuliza.

"Askari wote walikuwa chini ya huyo mkubwa."

"Wee!" Jaswant aliweka kikombe chini. "Hii haikutoka kwenye habari?"

"Ilitoka," nikasema.

"Nchi hii imeharibika," akasema Mwenyekiti kwa uchungu. "Hatuwezi kukaa kimya. Lazima tuandike wasifu wa marehemu, tuusome York kesho, watu wajue alikuwa na wenyewe. Katibu, anza. Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Sitini na tano," nikajibu.

"Kijana kabisa," akasema Mwenyekiti, ambaye ana sitini na minane.

Mama alikuwa na kalamu mkononi. Alikuwa bado na usingizi, na usingizi wa Mama ni mkali kuliko macho ya watu wengi. "Alizaliwa mwaka gani, Dinah?"

"Mia moja arobaini na tano."

"Elfu moja mia tisa," Mwenyekiti alinisahihisha kwa upole, kama anayemwongoza mtoto kwenye wimbo.

"Hapana, Mwenyekiti. Mia moja arobaini na tano. Alikuwa mfalme wa Roma."

Nimeshasikia ukimya mwingi. Nimesikia ukimya wa bweni wakati Sista anauliza nani amelivalisha fuvu la maabara shela yake. Huo wa jioni ile uliupita wote. Ilisikika chapati moja ikiteleza kutoka kwenye rundo.

Aliyeuvunja ni Jaswant. Mabega yalianza kutikisika, kisha ndevu, kisha kochi zima. "Mwenyekiti," alisema akihema, "hiyo harusi ya Birmingham... mlienda na farasi?"

Watu wakapasuka. Hata Auntie Jedidah, aliyekuwa amefunga kitambaa cha msiba, alijipigapiga magoti. Mwenyekiti peke yake alibaki amesimama, mkono ungali kifuani, kama sanamu inayongoja njiwa.

Mama hakucheka. Mama akikasirika sauti yake hupungua, na safari hii ilinibidi nisome midomo. "Jumatatu nampigia Sista Gladness."

"Mama, sikusema uongo..."

"Jumatatu."

Mwenyekiti alikohoa. Mtu aliyezoea uongozi hujua njia ya kutokea kwenye shimo lolote. "Nilisema nilimjua," akatamka. "Sikusema nilimjua vipi. Mtu anaweza kujulikana kwa kusomwa. Na kama ni Mwafrika aliyefia kwenye baridi ya nchi hii, mbali na kwao, basi ni mtu wetu, na chama hiki hakijawahi kumwacha mtu wake. Hata akichelewa."

"Basi imeshatengwa," akasema Jaswant. "Kesho harusi yoyote sina."

"Na pilau imeshalowekwa," akasema Auntie Jedidah. "Mnataka niile peke yangu? Wewe mtoto mwongo..."

"Sikusema uongo, Auntie."

"...mtoto mkweli, basi. Hakuna kitu chake chochote hapa karibu? Kaburi? Jiwe?"

Lilikuwapo jiwe. Bi Ushma alikuwa ametuonyesha picha. Miaka mia mbili iliyopita Waingereza walichukua nguzo za magofu ya Leptis, wakazipakia melini, na mwishowe zikasimamishwa kando ya ziwa, Virginia Water, katika bustani ya mfalme karibu na Windsor, ili wageni wake wapate kitu cha kutazama wakitembea. Nguzo za kwao Severus ziko umbali wa safari fupi tu kutoka Southall.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, chini ya anga ya rangi ya maji ya kuoshea vyombo, kamati ya mazishi ya mfalme wa Roma ilipanda basi. Mama alikuja kwa sababu katibu hawezi kukosa. Alikaa kiti cha mbele, akanielekeza kwa kidole nikae cha nyuma.

Nilifikiria njiani. Nilihesabu kwamba nilikuwa na nafasi moja ya kujitetea, na nikachagua silaha. Tulipofika na kusimama mbele ya zile nguzo, zilizolowa, nyingine nzima na nyingine zimekatika kama meno ya mzee, Mwenyekiti alinipa nafasi nieleze. Nikaanza na dada yake.

"Severus alikuwa na dada," nilisema kwa sauti iliyotetemeka mahali nilipotaka itetemeke. "Alitoka Leptis akaenda kumtembelea kaka yake Roma. Inasimuliwa kwamba Kilatini kilimshinda, kwa sababu nyumbani kwao waliongea Kipuniki, lugha ya Wafoinike waliojenga mji ule. Kaka akaona aibu mbele ya watu. Akampa zawadi, halafu akamrudisha alikotoka." Nikamtazama Mama. "Ndugu wa damu. Kwa sababu ya aibu tu."

"Usinijaribu, Dinah," akasema Mama.

Jaswant alikohoa ndani ya skafu yake. Silaha yangu ilikuwa imeanguka ziwani, sikuwa na nyingine. Basi nikaendelea tu, kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza, na kwa kuwa kuhusu Leptis nilikuwa najua kweli. Niliwaambia jinsi mji ule ulivyotajirika kwa mafuta ya zeituni. Niliwaambia mtoto wa hapo alivyopanda hadi kuwa mtawala wa dunia yao nzima, na inasemekana hata uzeeni matamshi ya kwao hayakumtoka.

"Kama wewe, Jedidah," alisema Mwenyekiti.

"Mimi natamka vizuri, wao ndio hawasikii."

"Alipopata utajiri," nikasema, "akaanza kujenga nyumbani."

Sikuwa na hila yoyote hapo. Ndiyo iliyofuata katika habari. Lakini niliona watu wazima wakinisogelea, kwa maana sijawahi kumwona Mkenya wa London ambaye neno hilo halimwamshi.

"Alijenga nini?" aliuliza Auntie.

"Kila kitu. Uwanja wa mikutano wenye marumaru kutoka nchi za mbali. Ukumbi wa mahakama wenye nguzo kama hizi, lakini kubwa zaidi. Barabara pana yenye nguzo kila upande. Lango lenye sura yake na za watoto wake. Na bandari mpya, kubwa, yenye mnara wa taa."

"Huyo ni mtu," akasema Jaswant. "Alikwenda kukaa lini?"

"Hakwenda. Alitembelea mara moja akiwa mfalme. Kazi zikambana. Akaja huku, akafa."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Yeye ana nyumba ya ghorofa huko Kitale, na nadhani ameshalala humo kama wiki tatu kwa jumla.

"Na ile bandari?" Aliyeuliza ni Mama.

"Iliingia mchanga. Mji wote ulikuja kufunikwa na mchanga, mpaka karne iliyopita wachimbaji walipoufukua. Bandari wakaikuta kama mpya. Kuna mawe yenye matundu, ya kufungia kamba za meli. Wanasema matundu hayajalika. Meli karibu hazikuwahi kufunga."

Bata walipita ziwani wakigombana. Auntie Jedidah alishika mfuniko wa sufuria bila kuufungua.

Nieleze kwamba na sisi tunajenga. Tuna nyumba Nyahururu, vyumba vitano, bati jekundu, geti, na mlinzi aitwaye Allan ambaye ndiye mtu pekee aliyewahi kuwasha taa zake. Kila zamu ya ziada Mama anayofanya inageuka dirisha au mlango. Nilipokuwa kwa Sista aliniambia, kwenye kioo, kwamba anafanya yote kwa ajili yangu, na kioo kikaganda mdomo wake ukiwa wazi.

Alinisogelea. Tukatazama nguzo pamoja.

"Chumba chako kina vigae vya buluu," alisema. "Bafuni. Ulivipenda?"

"Nimeviona kwenye picha, Mama."

"Kwenye picha," akarudia.

Kisha akatoa simu, akatembea mpaka kwenye kibao kinachokataza watu kupanda mawe. Haikuwa Jumatatu, lakini huko Sista hupokea simu siku zote. Upepo ulikuwa unatoka upande ule, na mimi nina masikio ya bweni.

"Sista, shikamoo... Hajambo. Bado ni yule yule... Ndiyo, mzaha tena, wa kifo safari hii, nitakusimulia ukiwa umekaa... Hapana, Sista. Nimepiga kwa sababu ya kile kitanda ulichokuwa umemwekea Dinah. Mpe mtoto mwingine... Ndiyo. Atakaa na mimi."

Niliangalia ziwa kwa bidii sana. Auntie Jedidah alinipa sahani ya pilau bila kuniuliza kitu, akaongeza kipande cha nyama ambacho sikustahili. Nyuma yetu Mwenyekiti alikuwa ameanza maombi kwa ajili ya Ndugu Severus na familia yake, hasa yule kijana mkubwa, na Jaswant alikuwa ameinamisha kilemba chake akisema amina mahali pote panapofaa na pawili patatu pasipofaa.

Mama alirudi akiwa na pua nyekundu, ambayo aliilaumu baridi.

"Usicheke."

"Sicheki, Mama."

"Utaosha masufuria yote ya Jedidah. Na ile nyumba nitaiwekea wapangaji, hata watu wa kupika ugali humo wawepo."

Nilimuuliza, kwa heshima zote, kama wapangaji watapewa na bafu la vigae vya buluu, au hilo litahifadhiwa kwa ajili ya wachimbaji wa baadaye.

Akaniambia nipande basi.